Maoni ya msomaji kwenye hadithi za mashabiki ni kitu gani hasa

Kuna hukumu moja ninayokutana nayo mara nyingi mno: "Hadithi hii ina maoni manane tu, basi haina lolote." Anayesema hivyo anachukulia kwamba maoni kwenye hadithi ya shabiki ni sawa na yale yanayoandikwa chini ya picha ya simu inayouzwa mtandaoni. Si kitu kimoja, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini watu huyaandika.

Maana kwanza. Hadithi ya shabiki ni hadithi ambayo mtu huitunga akitumia wahusika au ulimwengu wa kazi iliyokwisha kuwepo, iwe riwaya, filamu, tamthilia, katuni au mchezo wa kompyuta, na kwa kawaida husomwa bure. Maoni ni kile ambacho msomaji anamwandikia mtunzi akimaliza kusoma sura au hadithi nzima. Uzito wote uko kwenye hilo neno "anamwandikia".

Anayeandika juu ya simu aliyoinunua anasema na mnunuzi ajaye: nunua au usinunue. Mhakiki wa kitabu gazetini anasema na wasomaji, na mtunzi akiusoma uhakiki huo, ameusoma kama mtu mwingine yeyote. Kwenye hadithi ya shabiki anayesemeshwa ni mtunzi mwenyewe. Angalia vitenzi tu: "umeniliza", "tafadhali usimuue yule mdogo", "sura ijayo utaitoa lini?" Nafsi ya pili umoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni nadra kukuta mtu akiandika pale kuwashauri wengine wasome au wasisome. Mtu akitaka kupendekeza hadithi kwa wenzake huenda kuisifu kwingine kabisa.

Mkanganyo huu una chanzo. Tovuti ya FanFiction.Net, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilikipa kisanduku cha maoni jina lilelile ambalo Kiingereza hutumia kwa uhakiki wa vitabu na bidhaa, na jina likawaganda wasomaji wa kizazi kizima. Lakini asili ya desturi yenyewe ni ya zamani zaidi, na haitokani na uhakiki. Inatokana na barua. Majarida madogo ya mashabiki wa bunilizi za kisayansi, yaliyoanza kutolewa miaka ya 1930, yaliishi kwa barua za wasomaji. Kwa mengi kati ya hayo, kumwandikia mhariri barua ya maoni kulitosha kukupatia nakala. Wengine walipeleka makala, au jarida lao wenyewe kwa kubadilishana. Yaani barua ilikuwa malipo. Archive of Our Own, tovuti nyingine ya hadithi za mashabiki iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009, iko karibu zaidi na asili hiyo: ina sehemu ya maoni, kisha kando yake kitufe cha pongezi kiitwacho Kudos kwa asiye na la kusema. Nyota za kupima ubora hazipo, wala kitufe cha kuonyesha kwamba hukupenda.

Ukishaona kwamba maoni ni barua, yanayomsukuma msomaji kuandika yanaeleweka. La kwanza ni kutaka hadithi iendelee. Hadithi nyingi hutolewa sura kwa sura, na mtunzi hana mkataba na mtu. Anaweza kuacha leo na asirudi tena. Msomaji anajua hilo, kwa hiyo anaandika ili mtunzi asikate tamaa. Ndiyo maana hadithi iliyokamilika ikasomwa miaka mitatu baadaye hupata ukimya hata kama ni nzuri kuliko zote: hakuna tena kinachohofiwa kupotea.

La pili ni deni. Mwanaanthropolojia Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi huja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Aliyesoma sura arobaini bila kulipa chochote anahisi huo wa tatu, na maneno ndiyo anayoweza kurudisha. Hapo ongeza ukaribu, kwani mtunzi anayejibu wasomaji wake huandikiwa tena. Ongeza na hamu ya kusaidia. Watafiti Cecilia Aragon na Katie Davis wa Chuo Kikuu cha Washington waliyachunguza maoni ya namna hii na kuonyesha jinsi vipande vidogo vya mawaidha kutoka kwa watu wengi vinavyojumlika kuwa malezi ya mwandishi mchanga. Maoni ya kuumiza tu waliyakuta kuwa machache sana.

Ubora peke yake haumsukumi mtu kuandika. Tena kazi nzito iliyoandikwa kwa ustadi mara nyingi humnyamazisha msomaji, maana anaona hana la kuongeza.

Ndiyo sababu hesabu ya maoni ni kipimo kibovu. Hadithi ya sura thelathini yenye wasomaji watano waaminifu, kila mmoja akiandika kila sura, ina maoni 150. Hadithi fupi ya sura moja iliyowagusa watu sitini hadi wakaandika ina 60. Ipi imependwa na wengi? Kwenye Archive of Our Own, majibu ya mtunzi nayo huingia kwenye hesabu, kwa hiyo mtunzi mwenye adabu ya kumjibu kila mtu anaongeza namba yake mara mbili bila kukusudia. Kudos nazo hutolewa mara moja tu kwa hadithi nzima, hata iwe na sura mia, hivyo kuzilinganisha na maoni hakuna maana.

Nawaelewa pia watunzi wanaotangaza, "sura ijayo mpaka nipate maoni kumi." Kuandika bila kujibiwa kunachosha, na kiu yao ni ya haki. Ila wakishaweka sharti hilo wanapata maneno ya kutimiza idadi, "nzuri, endelea", kutoka kwa watu ambao huenda wangeandika aya nzima kwa hiari yao. Swali moja mwishoni mwa sura, kwa mfano kama uamuzi wa mhusika fulani umeaminika, humpa msomaji mnyamavu pa kuanzia, na atakachojibu kitakuwa kinamhusu mtunzi na hadithi yake.