Je, wajua kwa nini Boston Marathon inateremka lakini inamaliza miguu kuliko njia tambarare?

Ukiangalia namba za Boston Marathon, ile ya Marekani, kwenye karatasi unaweza kucheka. Mbio zinaanzia Hopkinton, mji mdogo ulioko kama mita 150 juu ya usawa wa bahari, zinapita vijiji na vitongoji kuelekea mashariki, halafu zinaishia Boylston Street katikati ya Boston, hapo umebaki mita chache tu juu ya bahari. Yaani kilomita 42 na ushee unashuka jumla kama mita 140. Mtu aliyezoea kukimbia Moshi au Eldoret akiona hivyo anasema hii si mbio, huu ni mserereko. Anaenda, anaanza vizuri, nusu ya kwanza anapiga taimu ambayo hajawahi kuipiga maishani, na kilomita ya 30 miguu inagoma kabisa.

Sasa inakuwaje? Njia inashuka, hewa ya usawa wa bahari ni nzito imejaa oksijeni, watu wanashangilia barabara nzima, na bado wageni wanaumia kuliko Berlin ambako ni tambarare tupu.

Wengi watakwambia ni vile vilima vya Newton, mji unaoupita ukishavuka nusu ya mbio. Mimi naona vinasingiziwa, au tuseme vinabeba lawama isiyo yao yote. Miguu inaharibika mapema, kule mwanzoni unapojisikia vizuri, vilima vinakuja tu kukuonyesha kilichokwisha tokea.

Twende kwenye misuli. Ukipanda mlima, misuli ya mbele ya paja inajikaza huku inajifupisha, inasukuma. Ukishuka inafanya kazi ya kinyume, inajikaza huku inavutwa irefuke. Kila mguu unapotua goti linakunjika na uzito wa mwili unataka kuendelea kwenda chini, kwa hiyo paja linaushikilia lisiuachie uanguke. Ni kama kushusha ndoo kisimani kwa kamba, mkono unashika kwa nguvu lakini kamba inaendelea kuteleza, na kinachochubuka ni kiganja. Kwenye paja kinachochubuka ni nyuzi za misuli, zinapata vijeraha vidogo vidogo sana ambavyo kimoja kimoja hukisikii, ila kwenye marathoni unatua maelfu kwa maelfu ya hatua. Na ndani ya saa hizo hizo msuli ulioumia unapoteza nguvu, hata kama damu na sukari bado zipo.

Kinachofanya iwe mtego ni kwamba kazi hiyo ya kushikilia inatumia oksijeni kidogo kuliko kazi ya kusukuma. Kwa hiyo pumzi iko poa, mapigo ya moyo yako chini, saa ya mkononi inakwambia uko vizuri, wewe unaongeza spidi. Kilomita moja na nusu ya kwanza kutoka Hopkinton peke yake inashuka kama mita 40, na pale umebanwa na maelfu ya watu wote wana mzuka, kila mtu anateremka na wewe unabebwa. Na ukiwa umetokea nyanda za juu, mtu wa Arusha, Mbeya, Nairobi, Iten, mtego ni mkubwa zaidi maana mapafu yako yamezoea hewa nyepesi, ukifika usawa wa bahari unajiona una mapafu mawili ya ziada. Mapafu hayana shida. Paja halijali umetoka mwinuko gani, lenyewe linahesabu umetua mara ngapi na kwa nguvu gani.

Mteremko unaendelea kwa mawimbi mawimbi kupitia Ashland, Framingham, Natick, si wa kutisha, kuna sehemu tambarare na vipandio vidogo. Kabla kidogo ya nusu ya mbio unafika Wellesley ambako wanafunzi wa chuo cha wanawake wanapiga kelele mpaka masikio yanaziba, unawasikia kabla hujawaona, na hapo tena watu wanaongeza spidi bila kujua. Baada ya kutoka Wellesley kuna mteremko mkali wa kuingia Newton Lower Falls, kama kilomita ya 25. Huo mimi ndo nauona mbaya kuliko hata kilima chochote cha Boston, kwa sababu unakuja paja likiwa limeshachoka, na ukifika chini tu unaanza kupanda.

Kutoka hapo ni vilima vinne mpaka kama kilomita ya 33. Cha kwanza kinavuka juu ya barabara kuu ya magari, kirefu, hakina kivuli, watazamaji wachache. Cha pili kinaanza ukikata kulia pale kituo cha zimamoto kuingia Commonwealth Avenue. Cha tatu kinapita, halafu cha nne ndo hicho maarufu, Heartbreak Hill. Ukikipima hakina maajabu, urefu kama mita 600 na kinapanda kama mita 27. Mtu wa Lushoto anapanda zaidi ya hapo akienda dukani. Kingekuwa kilomita ya 5 hakuna ambaye angekikumbuka.

Shida ni mahali kilipokaa. Mwili unahifadhi sukari ya misuli ambayo kwa watu wengi inaanza kuisha kuanzia kama kilomita ya 30, hapo ndo wakimbiaji wanasema wamegonga ukuta. Boston imeweka vilima vyake juu ya ukuta huo huo. Paja limechubuka kwa mteremko, tenki linakaribia kukauka, halafu unaambiwa panda. Na usidhani utakachopoteza kupanda utakirudisha kwenye kushuka, hesabu haiendi hivyo, gharama ya kupanda ni kubwa kuliko nafuu unayopata ukiteremka urefu ule ule. Tena ukishavuka Heartbreak kuna kushuka kupita Boston College mpaka Cleveland Circle, na wapo watu wengi wanaokwambia kilima walikipanda vizuri tu ila kule kushuka baada yake ndo walilia.

Jina lenyewe la Heartbreak wala halikutokana na ugumu wa kupanda. Mwaka 1936 Johnny Kelley, mwenyeji na bingwa mtetezi, alimfikia mshindani wake Ellison Brown kwenye vilima vile, akampita huku akimpigapiga mgongoni kama kumwambia pole ndugu, umejitahidi. Brown akachukia, akawasha moto, akaondoka akashinda. Mwandishi wa gazeti la Boston Globe ndo akaandika kuhusu moyo wa Kelley kuvunjika pale na jina likakaa. Kwa hiyo usiguse mgongo wa mtu Newton.

Watanzania tuna historia yetu na njia hii na inauma kidogo. Juma Ikangaa alimaliza wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya 1988 alipitwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja, saa 2:08:43 kwa 2:08:44, na Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. 1990 Ikangaa alitoka kwa spidi ya kutisha kwenye miteremko ya mwanzo, na Mwitaliano Gelindo Bordin aliyekuwa ametulia nyuma akaja kumpata kwenye vilima vya Newton. Na Ikangaa hakuwa mtu wa kubahatisha, Novemba 1989 alishinda New York kwa 2:08:01, mji wenye madaraja yanayopanda kama milima. Ila Boston ukitoa kila kitu juu, chini hakibaki kitu.

Hata Kipchoge. Alienda Boston 2023 akiwa na rekodi ya dunia ya 2:01:09 aliyoweka Berlin Septemba 2022, akaongoza sehemu kubwa ya mwanzo, na kilomita ya 30 kule Newton wenzake wakamwacha, akamaliza wa sita. Sisemi ni mteremko peke yake, mbio ni mbio na kila mtu ana siku yake mbaya, lakini mahali alipoachwa ni pale pale wanapoachwa watu wa kawaida. Aliyeshinda siku hiyo ni Evans Chebet, na wa pili Gabriel Geay wa kwetu. 2025 tena Alphonce Simbu akashika nafasi ya pili nyuma ya John Korir, ambaye alianguka pale mwanzoni kabisa, akainuka, akatulia, halafu akaondoka kwenye vilima. Miezi michache baadaye Simbu akawa bingwa wa dunia Tokyo, kwa hiyo nafasi ya pili ya Boston si ya kuibeza.

Hapa kuna jambo linalowachanganya watu. Kama njia inaumiza hivyo, mbona mwaka 2011 Geoffrey Mutai alikimbia 2:03:02 pale pale, kasi kuliko rekodi ya dunia ya wakati ule iliyokuwa 2:03:59? Alikimbia kweli, na Moses Mosop alikuwa nyuma yake sekunde nne tu. Ila haikuhesabiwa rekodi ya dunia. Kanuni inataka mteremko wa jumla usizidi mita moja kwa kila kilomita, yaani kama mita 42 kwa marathoni, Boston ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Na inataka mwanzo na mwisho visiachane kwa zaidi ya nusu ya umbali wa mbio, kwa sababu mbio za kwenda upande mmoja zinaweza kusukumwa na upepo njia nzima. Siku ya Mutai upepo ulikuwa unatokea nyuma. Kwa hiyo mteremko unasaidia, ndio, kwa mwenye paja lililoandaliwa na siku ya upepo mzuri. Upepo ukigeuka unakula kilomita 42 za upepo wa usoni, kama 2018 ambapo ilinyesha mvua kubwa yenye baridi kali na mshindi wa wanaume Yuki Kawauchi alimaliza kwa 2:15:58.

Sasa wewe mgeni ufanyeje? Kwanza ujue paja linafundishika. Misuli ikishapata dozi ya kuteremka mara moja, ikapona, inakuwa sugu kwa wiki kadhaa zinazofuata, dozi ya pili haiumizi kama ya kwanza. Kwa hiyo kwenye mazoezi wacha kuhangaika na kupanda tu. Ukiwa Nairobi panda Ngong halafu fanya kazi wakati wa kushuka, Moshi una barabara ya kwenda Mweka, Dar ukizoea Coco Beach peke yake utaumia, nenda Pugu. Anza taratibu, hatua fupi za harakaharaka, mwili usiegemee nyuma maana ukiegemea nyuma unapiga breki kwa kisigino na goti ndo linalipa. Zoezi gumu la mwisho la mteremko liwe wiki mbili tatu kabla ya mbio, ukilifanya wiki ya mwisho utapanda ndege na majeraha.

Halafu kuna mambo ya siku yenyewe. Mbio ni Jumatatu ya tatu ya Aprili, sikukuu kwao. Unapandishwa basi asubuhi mapema kutoka mjini mpaka Hopkinton, unakaa uwanja wa shule unasubiri zamu, kundi la kwanza la wakimbiaji wa kawaida linaanza saa nne asubuhi na wengine wanapita saa tano. Saa nne ya Boston ni saa kumi na moja jioni ya Dar na Nairobi, kwa hiyo mwili usipobadilika unadhani unakimbia jioni, na chai uliyokunywa alfajiri imeshaisha kitambo. Beba chakula cha kula kule, mkate, ndizi, ulichozoea. Beba na sweta kuukuu la kuacha pale, nguo zinazoachwa zinakusanywa kwa ajili ya misaada, na Aprili ya kule haitabiriki, 2012 joto lilifika kama nyuzi 30.

Ukianza, kilomita 8 za kwanza kimbia ukiwa na aibu kidogo, uone watu wanakupita na unyamaze. Kama kochi wako amekupa spidi ya kilomita kwa dakika tano, usijisifu kwa kupiga nne na nusu eti kwa sababu ni rahisi. Kwenye vilima vya Newton angalia nguvu unayotumia, saa iache, itapungua tu na ni sawa. Anza kula jeli au kunywa kinywaji cha sukari mapema, usisubiri Newton ndo ukumbuke.

Baada ya mbio, usidanganyike na jioni ya Jumatatu ukajiona mzima. Maumivu ya kuteremka yanachelewa, yanakuja kesho yake na yanafika kileleni siku ya pili, wakati mwingine ya tatu, kwa sababu kinachouma ni mwili unaposafisha na kurekebisha zile nyuzi. Kwa hiyo tiketi ya kurudi usikate ya Jumanne asubuhi, safari yenyewe ni ndefu na ina ndege za kubadilisha. Na ukifika hotelini Jumamosi au Jumapili ukakuta umepewa chumba ghorofa ya tatu hakuna lifti, omba wakubadilishie siku hiyo hiyo.