Vile vigae vya njano vyenye vinundu ni vya nini hasa? (Mi nilidhani ni vya kuzuia utelezi)

Nikiri mapema. Kwa miaka nilikuwa na uhakika kabisa kwamba vile vigae vya njano vyenye vinundu, vinavyowekwa kwenye stesheni, viwanja vya ndege na siku hizi hadi kwenye vivuko vya barabara, ni vya kuzuia watu wasiteleze mvua ikinyesha. Na sikuishia kuamini tu, nilifundisha. Nishawahi kumweleza mtu, mikono mfukoni, kwamba vinundu "vinashika soli". Ile njano nayo nilikuwa na jibu lake: eti ni ili ifanane na mistari ya barabarani. Sasa ukikaa ukafikiri, hiyo hoja inaanguka yenyewe, maana kama tatizo ni utelezi kwa nini waweke ukanda mwembamba tu na siyo sakafu nzima? Anayeteleza hachagui pa kutelezea. Lakini sikukaa nikafikiri.

Kumbe ni maandishi, yanasomwa kwa unyayo na kwa ncha ya fimbo nyeupe. Vinundu vya duara vinasema "simama, mbele kuna jambo", mistari mirefu inasema "fuata huku". Njano ni kwa sababu wengi tunaowaita wasioona wanaona kidogo, na rangi kali kwenye sakafu ya kijivu wanaipata. Aliyevibuni ni Mjapani, Seiichi Miyake, mwaka 1965, kwa ajili ya rafiki yake aliyekuwa anapoteza uoni, na vya kwanza vikawekwa Okayama Machi 1967 karibu na shule ya wasioona. Historia inatosha hapo.

Kilichonishangaza zaidi ni sababu ya kuvihitaji pale kwenye kivuko. Kwenye vivuko vingi vinundu viko pale kwa sababu mtu mwingine mwenye ulemavu alisaidiwa.

Iko hivi. Umeme ukikatika usiku nawe unataka kwenda chooni, unapitisha mkono ukutani, ukuta ukiisha unajua umefika mlangoni. Kwa mtu anayetembea na fimbo nyeupe, ukingo wa zege wa njia ya miguu ndio ukuta wake. Fimbo ikidondoka ghafla anajua hapa njia imeisha, hatua inayofuata ni barabarani kwenye magari. Hahitaji kuambiwa na mtu. Sasa ukingo huohuo kwa mwenye kitimwendo ni ukuta kwelikweli. Sentimita 15 haziruki, anahitaji rampu, na kwa kipimo kinachotumika sehemu nyingi (panda 1, nenda mbele 12) hizo sentimita 15 zinataka rampu ya karibu mita 1.8. Basi fundi anakuja anashusha ukingo vizuri, wa kitimwendo anapita, mama mwenye kigari cha mtoto anapita, muuza matikiti na toroli lake anapita, kila mtu anashukuru. Halafu anakuja asiyeona, anatembea, anatembea, na bila kujua yuko katikati ya barabara. Umemng'olea ukuta gizani.

Utasema basi tugawane, ukingo uwe mfupi. Mi pia nilisema hivyo. Watafiti wa University College London waliwahi kupima urefu ambao wasioona wanaweza kuutambua, wakaona inatakiwa angalau milimita 60, chini ya hapo watu wanaanza kuukosa. Milimita 60 kwa vile vigurudumu vidogo vya mbele vya kitimwendo ni kisiki. Weka 30 ukidhani umepatanisha, kitimwendo bado kinakwama na fimbo haina uhakika tena. Yaani pale katikati wote wawili wanaumia, ndo maana ikabidi kuacha kubishana urefu na kutafuta lugha nyingine kabisa: shusha ukingo, kisha andika onyo kwa vinundu.

Hiki kitu huwezi kukijua ukiita kundi moja tu kwenye kikao. Ukiita wa kitimwendo peke yao, watakwambia ukweli mtupu, ila ni nusu. London walijifunza kwa gharama. Exhibition Road, mtaa wa makumbusho, ulipangwa uwe uwanja mmoja tambarare bila kingo, watu na magari wachanganyike na waelewane kwa kutazamana machoni. Kutazamana machoni! Shirika la mbwa-waongozaji la Guide Dogs lilipinga vikali. Mwaka 2015 Chris Holmes, mbunge wa Bunge la Mabwana na bingwa wa kuogelea wa Paralimpiki asiyeona, alichapisha ripoti ambamo 35% ya waliojibu walisema wanazikwepa kabisa barabara za namna hiyo. Ni dodoso ambalo anayekereka ndiye hujibu kwanza, kwa hiyo usiibebe hiyo namba kama sensa. Ila mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilizitaka halmashauri zisimamishe miradi mipya ya aina hiyo.

Na vinundu navyo siyo dawa isiyo na madhara. Wenye vitimwendo wengine wanalalamika vinatikisa mgongo, wazee wenye magoti mabovu hawavipendi, kwa hiyo mahali na upana wake navyo ni vya kuzungumzwa na wanaopita hapo. Kumfunga mhandisi kitambaa machoni nusu saa ili ajue hali ya asiyeona hakusaidii sana, anajifunza hofu tu, ule ujuzi wa fimbo unachukua miezi.

Baada ya kujua yote haya nikaenda kutazama upya vigae vya mtaa mmoja ninaopita kila siku. Mistari imenyooka safi, njano inang'aa, kazi ya mtu aliyetumia kamba na pima maji. Nikaifuata kwa macho, hatua kama 20 hivi. Ikanifikisha kwenye nguzo ya umeme.