Dirisha lililozibwa si lazima liwe la mkwepa kodi

Picha ya jumba la kitajiri la mashambani Uingereza, madirisha mawili yamezibwa kwa matofali, bado inazunguka kwenye magrupu na maneno yale yale: kila dirisha lililozibwa ni la mkwepa kodi.

Kodi ya madirisha, iliyotozwa kulingana na idadi ya madirisha ya nyumba, ilikuwepo kweli. Ilianza 1696, ikafutwa 1851, na wapo walioziba ili walipe kidogo. Ndiyo maana watu huamini haraka.

Lakini mengi ya madirisha hayo hayakuwahi kupitisha mwanga. Wajenzi wa karne ya 18 walipenda uso wa nyumba ulingane kushoto na kulia. Pale ambapo nyuma ya ukuta pana dohani au ngazi, waliweka umbo la dirisha tu. Mimi naona ni ufundi mzuri, na inasikitisha kuuita hila.

Kabla hujaituma mbele, tafadhali ivute picha karibu. Matofali yakiwa yamefumana na ukuta pembeni, mara nyingi lilijengwa hivyo tangu mwanzo. Ukiona ufa ulionyooka juu hadi chini, huenda lilizibwa baadaye. Na tazama mwaka wa ujenzi: nyumba ya baada ya 1851 haikuwa na kodi hiyo ya kukwepa.