Pamba tupu haitakuokoa na esi

Ombi limekuja tena wiki hii, kwa maneno yale yale: "Fundi, nishonee mashati matatu ya pamba tupu, kazini kuna esi kali na nje kuna jua." Mwagizaji ni karani wa benki hapa Kisumu. Kabla yake alikuwa mhudumu wa hoteli, na kabla ya huyo daktari. Wote wanaamini kwamba pamba ni kitambaa baridi nje na salama ndani, na kwamba polista ni adui. Nimechoka kulieleza jambo hili mteja mmoja mmoja huku nimeshika futikamba, kwa hiyo leo naliandika lote.

Pamba ni kitambaa kizuri. Naishona kila siku na sina ugomvi nayo. Ila sifa yake ya kukupoza ndiyo inayokutesa unapoingia chini ya kiyoyozi, yaani hiyo esi.

Fuata safari ya shati lako. Saa saba mchana unatoka ofisini kwenda kula. Kuanzia Januari hadi Machi mji huu hufika sentigredi 30 na kuzidi, na ziwa linaongeza unyevu hewani, kwa hiyo jasho halikauki upesi. Unatembea hadi hotelini, unakula ugali na samaki wa moto, unarudi kwa bodaboda. Mgongo umelowa. Kisha unafungua mlango wa chumba chenye sentigredi 20, hewa kavu, na upepo unaovuma kutoka darini. Sasa maji yaliyo ndani ya shati yanaanza kugeuka mvuke kwa kasi, na kila gramu inayogeuka mvuke inabeba joto la takriban kilojuli 2.4. Shati la gramu 200 linaweza kushika gramu 50 za maji bila kudondosha hata tone. Hizo ni kilojuli 120. Mtu aliyeketi akiandika anazalisha joto la takriban wati 100, kwa hiyo kilojuli 120 ni sawa na joto lote analolizalisha kwa dakika 20. Kweli, si joto lote hilo linatoka mwilini mwako; sehemu inatoka kwenye hewa ya chumba. Lakini kadiri kitambaa kinavyogandamana na ngozi, ndivyo sehemu yako inavyozidi kuwa kubwa. Na pamba iliyolowa hugandamana sana.

Inagandamana kwa sababu nyuzinyuzi zake hunywa maji, huvimba na kulegea. Zikivimba, matundu kati ya mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za kukatiza) huzibika, hewa haipiti, na shati linakosa ule ukakamavu unaolisimamisha mbali na mgongo. Hapo ndipo mteja ananipigia simu saa tisa kuniambia anatetemeka ndani ya shati ambalo yeye mwenyewe alisisitiza liwe la pamba.

Sasa hili ndilo linaloniudhi zaidi: mtu anauliza kitambaa kimetengenezwa kwa nini, akishajibiwa anadhani amemaliza. Haulizi kimefumwaje wala kina uzito gani. Drili ya kaki ni pamba. Jinzi ni pamba. Voili nyepesi inayopitisha mwanga ni pamba. Poplini iliyobanwa hadi haipitishi pumzi nayo ni pamba. Ukinipa poplini nzito iliyofumwa kwa kubana na polista nyepesi iliyofumwa wazi, halafu uniambie niende Kondele na kurudi saa nane mchana, nitachagua polista bila kufikiri mara mbili. Vitabu vya vitambaa vina jedwali la unyevu: pamba hushika takriban asilimia 8 ya uzito wake katika hewa ya kawaida, kitani kama 12, viskosi 13, sufu 16, polista chini ya nusu asilimia. Jedwali ni sahihi, ila mimi nina shaka na namna linavyotumiwa. Linapima unyevu unaoingia ndani ya nyuzinyuzi kutoka hewani. Jasho la mtu aliyeshuka kwenye bodaboda ni maji kamili, na maji hayo hukaa zaidi katika nafasi zilizo kati ya nyuzi. Nafasi hizo zinaamuliwa na mfumaji na msokotaji wa uzi, wala jedwali halizitaji.

Kwa hiyo ukija dukani, acha kusoma kibandiko peke yake. Weka kitambaa mdomoni, pumua. Kama pumzi inarudi usoni, kiache. Kiinue kwenye mwanga uone matundu. Kwa kitambaa cha shati, dondosha maji kidogo: yakikaa kama shanga juu yake, jasho lako nalo litabaki kwenye ngozi, yakisambaa haraka na kuwa duara pana jembamba, kitambaa hicho kitakauka upesi. Kwa shati la ofisini katika mji huu napendelea gramu 100 hadi 120 kwa mita ya mraba. Zaidi ya 140 ni la Nakuru, ambako mko karibu mita 1,850 juu ya bahari na jioni mnatafuta sweta, ilhali sisi tuko kwenye 1,130 hivi.

Kitani ndicho chaguo langu la kwanza kwa shati. Nacho hunywa maji, hata kuzidi pamba, lakini nyuzinyuzi zake ni ngumu na kitambaa chake husimama mbali na mwili hata kikiwa na unyevu, kwa hiyo hukauka bila kukugandisha. Kinakunjika, ndiyo. Vumilia.

Viskosi, ambayo wengine mnaiita rayoni, ni nzuri kwa mguso na mbaya kwa shughuli hii. Ikilowa huwa nzito, huvutika, na hupoteza nguvu nyingi, tofauti na pamba ambayo ikilowa huzidi kuwa imara. Kwa gauni la jioni sawa. Kwa mtu anayetoka jasho mchana na kuketi chini ya esi, hapana.

Vitenge navyo vinanipa kazi ya kueleza. Ijumaa ofisi nyingi zinaruhusu kitenge, na akina dada wananiletea vipande kutoka sokoni wakisema ni pamba kwa sababu ni kitenge. Vingi ni polista iliyochapwa maua. Chomoa uzi mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio, uchome kila mmoja kivyake, maana huenda wamechanganya. Pamba huwaka mara moja, harufu ni ya karatasi, majivu ni laini. Polista hunywea kutoka kwenye moto, huyeyuka na kuacha donge gumu. Sufu hunuka nywele zilizoungua na moto wake huzimika wenyewe. Kama ni polista iliyofumwa kwa kubana, nitakushauri gauni pana lisilogusa kwapa wala mgongo, au tutafute kipande kingine.

Sasa sufu, na hapa najua nitapingwa. Mkisikia sufu mnawaza sweta la shule kule Limuru kwenye baridi. Mimi nasema suruali na koti la sufu nyembamba, uzi uliosokotwa sana, kama gramu 230 kwa mita ya mraba. Kitambaa cha namna hiyo kikifumwa wazi kinapitisha upepo vizuri sana. Uso wa nyuzinyuzi za sufu unasukuma maji mbali huku ndani yake zikinywa mvuke, kwa hiyo unaweza kuwa na unyevu mwingi na bado usihisi umelowa. Wauzaji huongeza sifa kwamba sufu hutoa joto inaponyonya mvuke, kwa hiyo itakupasha ofisini. Hapo nawakatalia. Ni kweli hutoa joto ikinyonya, lakini wewe unatoka kwenye hewa yenye unyevu kwenda kwenye hewa kavu: suruali yako inatoa mvuke, hainyonyi, na kutoa mvuke kunapoza. Sifa hiyo ni ya mtu anayetoka ndani kukavu kwenda nje kwenye mvua. Kinachokusaidia wewe ni kwamba sufu hutoa mvuke huo polepole, na kwamba mikunjo midogo ya nyuzinyuzi zake inashikilia hewa hata kitambaa kikiwa chembamba. Nenda soko la Kibuye siku ya Jumapili, upekue suruali za mitumba zenye kibandiko cha sufu. Watu huzipita kwa kuogopa joto.

Ila usiniletee sufu nzuri kisha uniambie niweke bitana ya polista kutoka kola hadi pindo. Bitana hiyo ni kuta mbili ulizojijengea. Koti la mji huu linahitaji bitana mabegani na kwenye mikono tu, ili livalike bila kukwama. Mgongo uachwe wazi, mishono ya ndani nikuzungushie utepe. Kazi hiyo ni ndefu kuliko kuweka bitana nzima, ndiyo maana mafundi wengi wataikwepa na ndiyo maana bei yangu iko juu.

Kuna kizio kinachoitwa klo, kilichobuniwa mwaka 1941 na Gagge, Burton na Bazett kupima jinsi mavazi yanavyozuia joto. Klo 1 ni mavazi yanayomtosha mtu aliyetulia katika chumba cha sentigredi 21, karibu sawa na suti kamili. Suruali nyepesi na shati la mikono mifupi ni kama nusu yake. Maana yake, bosi aliyevaa suti na tai akiweka esi 20 anastarehe, na dada aliye na blauzi nyembamba kwenye meza ya karibu anateseka kihalali kabisa. Mwaka 2015 watafiti Kingma na van Marken Lichtenbelt walionyesha pia kwamba viwango vya starehe vya majengo vimetumia kasi ya kuzalisha joto ya mwili wa mwanamume wa wastani, ambayo kwa wanawake wengi ni ya juu mno. Japani mwaka 2005 serikali ilianzisha kampeni ya Cool Biz: vueni tai na makoti, esi iwekwe 28. Ofisi zetu zinavaa kwa baridi ya Uingereza kisha zinalipia umeme ili ziyastahimili mavazi hayo.

Hata klo naitilia shaka kidogo kwa mazingira yetu. Vipimo vyake vinadhani mavazi makavu na mwili uliotulia. Mtu wa mchana wa Kisumu hana hayo mawili. Na kuhusu upana wa nguo bado nayumba: shati pana linapuliza hewa ukitembea juani, ni neema, ukikaa chini ya tundu la kiyoyozi, upana huo huo unaingiza baridi hadi kiunoni. Kwa sasa nashona pana kiasi kifuani na mgongoni, kola na miisho ya mikono ifungike vizuri, ili mvaaji afungue nje na kufunga ndani.

Ushauri ninaoupa kipaumbele ni mwepesi kuliko yote: badilisha kilicholowa. Vaa fulana nyembamba ya kukauka haraka ndani ya shati, na ukirudi kutoka chakula cha mchana ivue, vaa nyingine kavu uliyoiacha kwenye droo. Hapo fulana ya michezo ya polista, mradi ni nyepesi na yenye matundu, inaishinda pamba. Kisha weka vazi la pili ofisini, lisilotoka nje kamwe: kikoti cha sufu nyembamba, au leso kavu mabegani. Leso ni pamba nyepesi na ikiwa kavu inafanya kazi yake vizuri, kwa kuwa pamba kavu haijawahi kuwa tatizo. Shuka ya Kimasai pia hufaa, ingawa nyingi ni za akriliki na hukusanya vumbi na umeme tuli katika hewa kavu.

Na mwisho, mnapofua. Msitie stachi mashati ya ofisini. Inaziba matundu yale yale mliyonilipa nitafute kitambaa chenye nayo. Kama mnapenda kola iliyosimama, niambieni mapema niiwekee gamu ngumu ndani, mwili wa shati ubaki mtupu. Fulana za polista nazo msizisuuze kwa dawa ya kulainisha nguo: hupaka nyuzi utando, na jasho hushindwa kusambaa. Sabuni kidogo, maji mengi, kamba yenye upepo.