Je, wajua kwa nini matumbawe hayaungui na jua?

Maji ya bahari hayazuii jua kama wengi tunavyodhani. Miale ya urujuanimno, ile UV inayobabua ngozi na kuharibu DNA, hupenya mita kadhaa katika maji maangavu ya tropiki, na bahari ikiwa safi sana hupita hata mita kumi. Na ni kwenye maji hayohayo maangavu ndiko matumbawe hustawi. Tumbawe ni mnyama, lakini limeshikamana na mwamba, halina pa kukimbilia. Tena ndani ya nyama yake limefuga mwani wa hadubini unaolitengenezea chakula kwa kutumia mwanga. Likikaa kivulini litakufa njaa. Likikaa juani, UV inalipiga mchana kutwa.

Mwaka 1969 mtafiti wa Kijapani, Kazuo Shibata, alichapisha alichokiona katika matumbawe ya Great Barrier Reef, Australia: yalikuwa na kitu kinachofyonza kwa nguvu miale ya UV yenye urefu wa wimbi wa nanomita 320 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Baadaye wakemia walikuta si kitu kimoja bali ukoo mzima wa molekuli ndogo zinazoyeyuka katika maji, asidi amino za jamii ya maikosporini, kwa kifupi MAA. Kwa macho hazina rangi. Kila moja ina sehemu yake ya miale: palithini hufyonza zaidi kwenye nanomita 320, shinorini kwenye 334. Zikikaa pamoja huziba takriban eneo lote kati ya 310 na 360.

Uzuri wake, na hapa ndipo ninaposhangaa kila nikisoma habari hizi, ni kwamba zinachagua. Mwanga ambao mwani unauhitaji kutengeneza chakula huanzia nanomita 400 kwenda juu, na huo zinauacha upite. UV ikigonga molekuli ya MAA, nishati yake hugeuzwa kuwa joto kidogo sana, kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Molekuli yenyewe hubaki nzima, tayari kupokea pigo jingine. Ndiyo maana tumbawe lililo karibu na uso wa maji kwa kawaida huwa na MAA nyingi kuliko mwenzake wa kina kirefu.

Lakini wanyama kwa jumla hawana njia ya kikemia ya kuzitengeneza. Wenye uwezo huo ni bakteria wa kijani-buluu, kuvu na mwani, hasa mwani mwekundu. Tumbawe hupewa na mwani linaoufuga. Wanyama wengine hawana budi kuzila.

Mfano ulio wazi ni yule mnyama wa duara mwenye miiba, kwa Kiingereza sea urchin, anayewachoma miguu watu wanaotembea mwambani maji yakipwa. Huko Maine, Marekani, miaka ya 1990, watafiti Nikki Adams na Malcolm Shick waliwalisha wanyama wa aina hiyo vyakula tofauti. Waliokula mwani mwekundu wenye shinorini waliihifadhi kwenye mayai. Waliokula mwani wa kahawia usio na MAA walitaga mayai maskini wa kinga. Mayai yote yalipomulikwa kwa UV, yale yenye kinga yaliendelea kugawanyika bila kuchelewa sana, na yale mengine yakazorota. Yaani mlo wa mama ndio uliowakinga wanawe, kabla hawajawa hata na umbo.

Mwani unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, nao ni wa kundi la mwani mwekundu. Maji ya bamvua yakikauka saa nne asubuhi, jua hulipiga shamba karibu moja kwa moja, na jamaa za cottonii, aina mojawapo ya mwani unaolimwa, zimewahi kupimwa na kukutwa na viambata hivi vya kufyonza UV.

Je, na sisi tukila mwani tutapata kinga? Mwaka 1998 Shick na wenzake walichapisha jaribio la kulisha MAA samaki wadogo wa Japani waitwao medaka, na panya wasio na manyoya. Samaki walizichukua mwilini, panya hawakuzichukua. Kwa hiyo usitarajie sahani ya mwani ikukinge na jua, wala mtu mwenye ualbino asiache kofia na mafuta yake ya kujikinga kwa sababu hiyo. Kinachowezekana ni kuzipaka. Tayari viwanda vya vipodozi hutumia dondoo la mwani mwekundu uitwao Porphyra. Tatizo lililobaki linatokana na umbile lake lilelile: kwa kuwa zinayeyuka katika maji, jasho huzisomba, na katika baadhi ya bidhaa hufungwa kwanza ndani ya vifuko vidogo mno vyenye kuta za mafuta kabla ya kutiwa kwenye krimu.