Kumsoma mpinzani wa poka mtandaoni si kupiga ramli

Poka ya mtandaoni imetunyima uso wa mpinzani, vidole vinavyotetemeka na jicho la wizi kwenye chipu. Kilichobaki ni dau, kiasi chake, muda aliotumia kuliweka, na karata zinazofunuliwa mwishoni. Kwa sababu hiyo wapo wanaoshikilia kwamba mpinzani wa mtandaoni hasomeki kabisa, na wapo wanaomsoma hadi picha ya akaunti yake. Wote wamepotea, ila hawa wa pili hupoteza pesa haraka zaidi. Mifano yangu yote ni ya Texas Hold'em, ambapo kila mtu ana karata mbili za siri na mezani hufunguliwa karata tano za wote.

Dhana: Kumsoma mtu ni kuzitaja karata zake mbili

Hii ndiyo mama wa dhana nyingine zote. Sinema zimetuzoesha gwiji anayemkazia mwenzake macho, kisha anamtajia karata moja baada ya nyingine. Mezani hakuna anayeweza hivyo. Pakiti ya karata 52 inatoa michanganyiko 1,326 ya karata mbili, na kazi ya msomaji mzuri ni kuipunguza hatua kwa hatua hadi libaki kundi dogo. Hata hilo kundi dogo bado lina karata za kila namna ndani yake.

Tuseme umepandisha dau ukiwa na ree (karata ya A) na kumi. Mchezaji mwangalifu amepandisha tena juu yako, na unamjua: hufanya hivyo akiwa na jozi ya ree, ya wafalme au ya malkia, au ree na mfalme. Jozi yoyote hupatikana kwa njia 6, ree na mfalme kwa njia 16. Unafuata, yaani unalipa dau lake bila kulipandisha. Karata tatu za kwanza zinafunguliwa: ree moja na mbili ndogo. Hapo wengi hushtuka na kusema, "Huyu ana ree tu." Hesabu upya. Ree mbili unaziona, yako na ya mezani. Jozi ya ree imebaki na njia 1. Ree na mfalme zimebaki njia 8. Wafalme 6, malkia 6. Jumla ni njia 21, na 12 kati ya hizo hazina ree hata moja. Yaani kabla hajagusa chochote, jozi yako ya ree inaongoza kwa uwezekano wa 57%.

Sasa mwangalie anachofanya. Akipitisha bila kuweka dau, wafalme na malkia wanazidi kupata uzito. Akiweka dau kubwa sasa, akarudia kwenye karata ya nne, akarudia kwenye ya tano, wanaanza kuondoka kwenye orodha, kwa kuwa watu wengi wenye jozi hizo hupunguza mwendo ree inapotua. Hakuna dakika hata moja ambayo umejua karata zake. Umejua uwiano, na uwiano umekutosha kuamua.

Tena mara nyingi hauhitaji kuwa mkubwa. Fungu la mezani likiwa 100 na mpinzani akaweka 50, unalipa 50 ili kuwania jumla ya 200. Ukiwa sahihi mara 1 kati ya 4, umerudisha pesa yako. Akiweka 100, unahitaji mara 1 kati ya 3. Swali la "ana hadaa au hana?", yaani ameweka dau na karata mbovu ili nijitoe, linawatesa watu bure, kumbe linalojibika ni hili: katika kundi la karata anazoweza kuwa nazo, hadaa zinafika robo?

Dhana: Akijibu haraka ni dhaifu, akichelewa anadanganya

Au kinyume chake. Utasikia zote mbili, wakati mwingine kwa mtu mmoja usiku mmoja. Muda una habari ndani yake, lakini si habari ambayo watu huidhania.

Mtu amekaa sekunde kumi kabla ya kuweka dau. Huenda anawaza. Huenda pia ana meza sita zimefunguka kwenye skrini na yako ndiyo ya mwisho kuitikiwa, au mtandao umekwama, au amekwenda kufungua mlango. Anayepitisha papo hapo huenda alishabonyeza kitufe cha kuamua mapema kabla zamu haijamfikia. Huo si uigizaji. Ni mtu aliyekwisha kata tamaa na karata zake.

Ishara ya muda ambayo mimi naiheshimu kuliko zote ni ya anayefuata dau papo hapo. Mwenye karata kali huwa na jambo la kufikiria: nipandishe sasa au ningoje? Mwenye karata mbovu naye hujiuliza kama ajitoe. Anayefuata bila kusita hakujiuliza lolote kati ya hayo, hivyo mara nyingi yuko katikati: jozi ya wastani, au karata nne za rangi moja (kopa tupu, kwa mfano) zinazosubiri ya tano. Hata hivyo ishara hiyo haina maana mpaka ujue kawaida ya mtu huyo. Wapo wanaofuata kila kitu kwa sekunde moja, na wapo waliojizoeza kutumia muda uleule kwa kila uamuzi ili usiwapate.

Dhana: Programu ya takwimu inakusomea

Programu za kufuatilia mikono (mkono ni mgao mmoja wa karata, mwanzo hadi mwisho), PokerTracker na Hold'em Manager zikiwa maarufu zaidi, hubandika namba kando ya jina la kila mchezaji. Namba ya kwanza ambayo kila mtu hujifunza ni VPIP, yaani asilimia ya mikono ambayo mchezaji huingiza pesa kwa hiari yake kabla ya karata za mezani kufunguliwa. Halafu kuna PFR, asilimia ya mikono anayopandisha dau katika hatua hiyohiyo. Pengo kubwa kati ya hizo mbili humfichua mtu anayependa kufuata kuliko kushambulia.

Namba hizo ni za kweli. Ubovu uko kwa anayezisoma baada ya mikono ishirini. Mtu ambaye kawaida yake ni 25% anaweza kuonekana ameingia mikono 8 au zaidi kati ya 20, yaani 40% au zaidi, kwa bahati tupu, na hilo litatokea karibu mara 1 kati ya 10. Ukimwita mlegevu, anayeingia ovyo, hapo, umeyasoma mawimbi ya bahati ukadhani umesoma tabia. Baada ya mikono 100 bado ile 25% inaweza kuonekana imezidi au imepungua kwa takriban pointi 8. Baada ya 1,000, tofauti hiyo inashuka hadi chini ya 3.

Matendo adimu ni mabaya zaidi. Mchezaji ambaye hupandisha juu ya dau la mwenzake katika 6% ya nafasi anazopata anaweza kupita nafasi 20 bila kufanya hivyo hata mara moja, na uwezekano wa jambo hilo ni 29%. Skrini itakuonyesha sifuri. Sifuri hiyo imewafanya watu wengi wajitoe mbele ya mtu wa kawaida kabisa kwa imani kwamba "huyu hapandishi bila ree mbili."

Kuna mtego mwingine ambao sioni ukisemwa vya kutosha: namba moja hubeba meza za aina tofauti. Asilimia 25 kwenye meza ya watu tisa ni mtu anayecheza sana; kwenye meza ya watu sita ni wa kawaida; mkiwa wawili tu, huyo amejifungia ndani. Kabla ya kuamini namba, uliza ilivunwa wapi.

Dhana: Dau kubwa la mwisho ni vitisho

Kwenye meza za dau dogo, amini kinyume chake mpaka uthibitishiwe. Mchezaji wa burudani anayepandisha dau kwa nguvu kwenye karata ya tano, baada ya kufuatafuata njia nzima, kwa kawaida anacho. Hadaa inamtaka mtu awe na ujasiri wa kuchoma pesa akiwa mikono mitupu, na wengi hawana. Wangependa zaidi kufuata na "kuona tu". Ndiyo maana pia ni kosa kumfanyia hadaa mtu anayefuata kila kitu. Watu husema mchezaji mbovu hasomeki kwa kuwa hana mpango. Anasomeka vizuri mno: hajitoi. Mpe dau ukiwa na karata nzuri, na ukiwa huna, tulia.

Kiasi kinazungumza zaidi pale kinapobadilika. Yule ambaye siku zote huweka nusu ya fungu, kisha leo akaweka dau dogo kabisa linaloruhusiwa, amekwambia jambo. Dau dogo lenyewe halisemi kitu.

Kuhusu jina la akaunti, picha, bendera na matusi kwenye kisanduku cha maongezi, sina mengi. Mtu anayetukana baada ya kupoteza huenda atacheza kwa hasira mikono michache ijayo. Basi.

Dhana: Ipo programu inayoonyesha karata za wapinzani

Tovuti iliyojengwa vizuri haitumi karata za siri za mpinzani kwenye kompyuta yako mpaka zifunuliwe, kwa hiyo hakuna cha kuchungulia. Anayekuuzia programu ya namna hiyo anataka pesa yako, au nywila yako.

Waliowahi kuziona karata za wenzao walikuwa watu wa ndani ya tovuti yenyewe. Mwaka 2007 kwenye tovuti ya Absolute Poker, akaunti iliyoitwa Potripper ilishinda shindano la kiingilio cha dola 1,000 kwa namna iliyowashangaza wenzake. Katika mkono wa mwisho ilifuata dau la chipu zote ikiwa na kumi tu kama karata ya juu, bila hata jozi, na ikashinda kwa sababu mpinzani alikuwa na tisa. Mchezaji aliyeshindwa alilalamika, na katika rekodi alizotumiwa mlikuwa na karata za siri za watu wote. Wachezaji walikaa wakazichambua. Wakaona kwamba akaunti hiyo ilianza kwa kujitoa, kisha akaunti ya mtazamaji ikaingia mezani, na tangu hapo ikacheza karibu kila mkono bila kukosea. Mwaka uliofuata mambo yanayofanana na hayo yakafichuka kwenye tovuti ya UltimateBet.

Naitaja habari hii kwa sababu nyingine pia. Walioinasa hawakuona uso wa mtu. Walisoma maamuzi mengi kwa pamoja, wakauliza: mtu asiyeona karata angeweza kufanya yote haya?

Dhana: Kompyuta zimeonyesha kwamba kumsoma mtu ni kazi bure

Dhana hii ina nusu ya ukweli. Januari 2017, huko Pittsburgh, programu ya Libratus kutoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilicheza mikono 120,000 dhidi ya wataalamu wanne, mmoja mmoja, ikawashinda wote. Haikutegemea kuwasoma. Ilicheza kwa mkakati uliosawazishwa kiasi kwamba kuushambulia kulikuwa kugumu, na kila usiku ilijiziba pale ambapo wapinzani walikuwa wanatafuta upenyo.

Lakini mkakati wa namna hiyo unakulinda. Haujali kama aliye mbele yako anajitoa kupita kiasi, wala hautajipinda ili kumnyonya zaidi. Kwa binadamu anayecheza na binadamu wenye makosa mazito, kusoma bado ndiko kunakoleta sehemu kubwa ya faida. Ila ukijipinda kumfuata, umeacha upenyo wako mwenyewe, na mpinzani makini anaweza kuuona.

Hapo ndipo watu huzama kwenye "anajua kwamba najua kwamba anajua". Hatua moja mbele yake inatosha. Mtu anayezitazama karata zake mbili tu hana habari na sura unayodhani umemjengea, na ujanja wa hatua nne utakupoteza wewe peke yako.

Kama tovuti inaonyesha majina, andika kumbukumbu, na uandike ulichoona, si ulichokihisi. "Mjinga" haitakusaidia wiki ijayo. "Alifuata dau la robo tatu ya fungu kwenye karata ya tano akiwa na jozi ndogo, mara mbili" itakusaidia. Tovuti nyingine huficha majina kabisa, na nyingine, kama GGPoker, hukataza programu za takwimu za nje. Huko unabaki na tabia za jumla za meza za kiwango hicho, pamoja na kile ulichokiona kwa macho yako tangu uketi.