Farasi wa Paulo, wafalme watatu na mengine ambayo wachoraji wametuingizia kwenye Biblia

Muulize mtu yeyote aliyekulia kanisani Paulo alianguka kutoka wapi alivyokuwa anaenda Dameski, atakwambia kwenye farasi, tena bila kusita. Haya fungua Matendo 9 umtafute huyo farasi. Hayupo! Imeandikwa tu nuru ilimmulika akaanguka chini, halafu wenzake wakamshika mkono wakampeleka mjini. Farasi kaletwa na wachoraji, na aliyetumaliza kabisa ni Caravaggio, ile picha yake ya mwaka 1601 hivi iliyoko kanisa la Santa Maria del Popolo kule Roma, farasi kajaa karibu picha nzima na Paulo yuko chini chali mikono juu, ukishaiona haikutoki kichwani.

Sasa njoo kwenye Krismasi maana hapo ndo kuna mengi. Wafalme watatu, si ndio? Mathayo 2 anasema mamajusi kutoka mashariki, basi. Hakutaja idadi, hakutaja majina, na wala hakusema ni wafalme. Zawadi ndo zilikuwa tatu, dhahabu, uvumba na manemane, watu wakapiga hesabu zawadi moja mtu mmoja. Wachoraji wa mwanzo wenyewe walikuwa hawajakubaliana, kwenye yale makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo Roma kuna sehemu wamechorwa wawili (Petro na Marselino) na sehemu wako wanne (Domitilla). Huo ufalme watu waliuunganisha na Zaburi 72 inayosema wafalme wa Sheba na Seba wataleta vipawa. Majina ya Gaspari, Melkiori na Baltazari waliyopewa hao mamajusi yamekuja karne kadhaa baadaye, na yule mmoja mweusi alianza kuzoeleka kwenye picha za Ulaya karne ya 15.

Na hawakufika zizini jamani, Mathayo 2:11 inasema waliingia nyumbani. Waliokwenda kwenye hori ni wachungaji, na hiyo ni habari ya Luka, sisi tumewapanga wote kwenye pango moja na ng'ombe na punda pembeni. Hao wanyama nao Luka hawajui! Wametoka Isaya 1:3, ng'ombe amjua bwana wake na punda ajua kibanda cha bwana wake. Kinachonifurahisha ni kwamba kwenye majeneza ya mawe ya karne ya 4, mfano lile la Stilicho kule Milan, mtoto amelala yuko na ng'ombe na punda peke yao, Mariamu hayupo na Yusufu hayupo. Yaani wanyama ambao hawajaandikwa walipata nafasi na wazazi wakakosa.

Lakini aliyeonewa kuliko wote ni Maria Magdalena. Ati kahaba. Wapi? Luka 8:2 inasema alitokwa na pepo saba na alikuwa kwenye kundi la wanawake waliomhudumia Yesu kwa mali zao, na Yohana 20 yeye ndo wa kwanza kumwona kafufuka. Yule mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7 hana jina kabisa. Aliyewachanganya mpaka ikashika ni Papa Gregori wa Kwanza kwenye mahubiri yake ya mwaka 591, akamchukua huyo, na Mariamu wa Bethania, na Magdalena, akawafanya mtu mmoja. Wachoraji wakapata kazi, chupa ya marhamu, machozi, nywele ndefu zimeachiwa na nguo zinateleza, Titian alimchora hivyo na naona hapo toba ilikuwa kisingizio tu. Donatello yeye alimchonga kwenye mti, amekondeana, nywele zimemfunika mwili mzima, ila hizo nywele na maisha ya jangwani ni za Maria wa Misri, mtakatifu mwingine kabisa! Waorthodoksi hawakuwahi kuwachanganya wale watatu wa Gregori, Wakatoliki walirekebisha hilo kwenye kalenda yao ya watakatifu mwaka 1969 na mwaka 2016 Papa Fransisko akaipandisha siku yake iwe sikukuu sawa na za mitume.

Na yule anayekaa karibu na Yesu kwenye Karamu ya Mwisho, ile picha ya Leonardo da Vinci, ambaye wengine wanadai kwa siri ni Magdalena, sio yeye, ni Yohana. Enzi hizo Yohana alichorwa kijana asiye na ndevu, ndo ilikuwa desturi, hakuna siri hapo.

Kuhusu sura ya Yesu mwenyewe, ile picha ya nywele za kahawia anaangalia pembeni, iliyochapishwa mamia ya mamilioni ya nakala, wengi wanadhani ni ya kale sana. Kaichora Warner Sallman wa Chicago mwaka 1940. Picha za zamani kabisa, kama ile ya Dura-Europos, mji wa kale kule Syria, ya miaka ya 230 hivi, zinamwonyesha kijana hana hata ndevu.

Nisije nikaonekana nawasema wachoraji tu, maana kuna waliosoma vizuri kutuzidi. Samsoni alinyolewa na nani? Wote tunasema Delila. Waamuzi 16:19 inasema alimlaza magotini halafu akaita mtu aje amnyoe, na Rubens kwenye picha yake ya 1609 hivi iliyoko London kaiweka hivyohivyo, kinyozi ndo ana mkasi, Delila kamwekea Samsoni mkono mgongoni tu anaangalia.